Mume wangu hataki tena maharage nyumbani, anasema viazi vinatosha

Shangazi, pokea salamu kutoka Malaba, upande wetu wa Uganda.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nina kibanda cha chai na chapati karibu na pale malori yanapopanga foleni. Mume wangu ni dereva, huchukua mzigo hapa mpakani akaupeleka Kigali kwa njia ya Kabale na Katuna. Kila akirudi hushusha gunia la viazi Irishi, vile vyekundu vinavyoitwa Victoria, kwa kuwa kule bei ni nafuu. Viazi ni vizuri na watoto wanavipenda. Shida yangu ni kwamba tangu mwaka huu uanze ametangaza kuwa viazi ndivyo chakula cha nyumba hii, na maharage yasipikwe tena.

Anasema alikula posho, yaani ugali, na maharage miaka yote ya sekondari, maharage yenyewe yana wadudu, na aliapa akipata kazi hatayagusa tena. Kwake hicho ni chakula cha wanafunzi na wafungwa. Anasema yeye halali barabarani ili watoto wake waendelee kula kama watu waliokosa. Nikijaribu kumjibu ananiambia Ireland nzima iliishi kwa viazi na watu wake walikuwa na nguvu. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, Shangazi, ikifika hapo nanyamaza.

Mama mkwe yuko nasi, alikuja kutibiwa sukari. Naye yuko upande wa mwanawe, kwa sababu maharage humjaza gesi mpaka usiku halali. Anasema mgonjwa anahitaji chakula laini kama viazi. Kwa hiyo nina wawili, na mimi peke yangu.

Kilichonisukuma kuandika ni binti yangu mkubwa mwenye miaka 15. Alizimia shuleni. Kituo cha afya walimpima damu wakasema ni 9 na nusu, wakampa vidonge, na nesi akaniambia nimlishe maharage, mboga za majani na maini nikiweza. Nilipofikisha maneno hayo nyumbani mume wangu alitoa simu akanionyesha mahali palipoandikwa kuwa viazi vina vitamini kuliko maharage. Binti mwenyewe anasema vidonge vinamchafua tumbo, kwa hiyo anavimeza na chai yangu ya maziwa ndipo vishuke.

Mdogo ana miezi tisa. Nampa viazi vya kuponda na mchuzi, na bado ananyonya. Anakula vizuri sana, lakini kliniki mara mbili mfululizo mstari kwenye kadi yake umelala, haupandi.

Halafu kuna makaa. Sufuria moja ya maharage inamaliza makaa ambayo yangepika viazi mara tatu. Hapo mume wangu ana haki, siwezi kumpinga.

Niambie ukweli: kati ya maharage na viazi, kipi kinajenga mwili zaidi? Na kama ni maharage, namwambiaje mwanamume anayeleta gunia kwa moyo mweupe? La mwisho, gunia lililopo limekaa, viazi vingine vimeota na vingine vimegeuka kijani. Nipike tu?

Mama wa Malaba


SHANGAZI ANAJIBU

Salamu zimefika, mwanangu. Umeuliza mengi, nami nitaanza na usiloliuliza: ile chai.

Msichana wa miaka 15 anatakiwa awe na damu isiyopungua 12 kwenye kipimo hicho walichompima. Tisa na nusu ni chini, na kuzimia kumeshakuambia hivyo. Vidonge vya madini ya chuma alivyopewa ndiyo dawa yake kwa sasa, na hakuna sahani ya maharage itakayorudisha damu hiyo kwa haraka inayotakiwa. Ila akivimeza na chai ya maziwa, sehemu kubwa anaitupa. Majani ya chai yana tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma tumboni yakapita bila kuingia mwilini. Chai ikinywewa pamoja na chakula cha mimea inaweza kupunguza chuma ambacho mwili ungepata kwa zaidi ya nusu. Maziwa yana kalsiamu, nayo inazuia pia. Kwa hiyo avimeze na maji, au na maji ya limau au chungwa. Tumbo likichafuka, avimeze baada ya kula kidogo, au usiku anapokwenda kulala. Chai aiache mpaka saa moja au mbili zipite. Najua namwambia haya mwenye kibanda cha chai, lakini chai ni ya kuuza.

Vidonge vikikaribia kwisha mrudishe apimwe tena, na uulize kwa nini damu ilishuka. Huku kwetu inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa minyoo ya safura, inaweza kuwa hedhi nzito ambayo msichana anaona haya kuisema, au ugonjwa wa selimundu ambao haujapimwa bado. Maharage hayatibu hata kimoja kati ya hivyo. Muulize binti kuhusu hedhi mkiwa wawili tu, baba yake na bibi yake wasikie baadaye.

Sasa swali lako lenyewe. Simu ya mume wako haikudanganya, lakini haikusema yote. Nitairudia, kwanza tulinganishe kwa haki. Ukitafuta maharage kwenye orodha za vyakula, mara nyingi unaonyeshwa maharage makavu yaliyo dukani, na viazi unaonyeshwa vilivyo kwenye gunia. Kiazi kibichi karibu asilimia 80 ni maji. Harage kavu lina maji kidogo tu, kama asilimia 11 au 12. Ukilinganisha hivyo, maharage yanaonekana kama miujiza. Lakini hakuna anayetafuna maharage makavu. Yakipikwa hunywa maji, kilo moja ikawa zaidi ya kilo mbili sufuriani. Kulinganisha kwa haki ni kwenye sahani, vyote vikiwa vimeiva.

Basi tupakue. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa, yaani kama vijiko vikubwa vya kulia vitano au sita, zina protini gramu 8 hadi 9. Uzito huohuo wa viazi vya kuchemsha una gramu 2 au pungufu. Nguvu, yaani kalori, maharage yanatoa kama 130 na viazi kama 85. Nyuzinyuzi, zile zinazosafisha tumbo, maharage gramu 6 au 7, viazi 2. Chuma, ambayo ndiyo habari ya binti yako, maharage yana miligramu 2 na zaidi, viazi sehemu tatu tu za miligramu moja iliyogawanywa kumi. Foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu na ambayo kila mjamzito anapewa kliniki, maharage yana mikrogramu 100 na kitu na viazi havifiki 20. Potasiamu vinakaribiana.

Simu ya mume wako iko sahihi kwenye vitamini C. Kiazi kilichochemshwa na ganda lake kina kama miligramu 13, na maharage yaliyoiva karibu hayana kitu. Ukimenya kwanza ukachemsha, sehemu nzuri ya hiyo inamwagwa na maji. Kwa hiyo mpe mume wako haki yake hapo, na usiibanie, kwa sababu vitamini C ndiyo inayofungua mlango ili chuma cha maharage kiingie mwilini. Chuma cha mimea ni kigumu kuingia, kinatofautiana na kile cha maini au cha mukene (dagaa). Harage likiliwa na kiazi kilichochemshwa na ganda, au na nyanya, au na kipande cha chungwa baada ya kula, binti anapata zaidi kutoka kwenye harage lilelile.

Ukinibana nichague, nachagua maharage, na sababu yangu haimo kwenye hizo tarakimu. Angalia kazi ya kila kimoja kwenye sahani ya nyumba yako. Viazi vinakaa mahali pa posho, pa matoke, pa muhogo. Vikikosekana, kesho unasonga posho na hakuna aliyeumia. Maharage yanakaa mahali pa nyama, samaki na mayai. Yakikosekana, na nyama mnakula Krismasi na Idi, mahali pale panabaki wazi. Mume wako anadhani ameondoa chakula cha bei rahisi akaweka cha heshima. Ukweli ni kwamba ameweka cha kushibisha juu ya cha kushibisha, na cha kujenga amekitoa.

Kuhusu Ireland, mwambie yuko sawa nusu. Kabla ya 1845 vibarua wa kule walikula viazi kweli, mwanamume wa shamba akifika kilo 5 na zaidi kwa siku. Kwa kilo 5, hata ile protini ndogo ya kiazi inajumlika ikatosha, maana protini ya kiazi ni nzuri, ila ni chache. Na pembeni walikuwa na maziwa mtindi. Maziwa yale ndiyo yalikuwa maharage yao. Sasa muulize kama yeye anaweza kula kilo 5 za viazi kila siku, kisha muulize mtoto wa miezi tisa anaweza ngapi. Na amalize hadithi: mwaka 1845 ukungu wa viazi uliingia mashambani, na kwa kuwa maskini walitegemea zao moja, watu kama milioni moja walikufa katika miaka michache iliyofuata. Wakulima wa Kabale na Kisoro wanaujua ukungu huohuo, ndio wanaoupigia dawa kila msimu wa mvua.

Mfano wa karibu upo Mulago, hospitali kuu ya Kampala. Miaka ya 1940 na 1950 madaktari wa pale, Hugh Trowell akiwa mmoja wao, walipokea watoto waliovimba miguu na uso, nywele zikibadilika rangi, wakiwa wametoka nyumba zisizo na njaa. Walikuwa wanalishwa matoke, muhogo, viazi vitamu, wanashiba. Ni kwashiakoo. Sababu zake ni zaidi ya moja na wataalamu bado wanazijadili, lakini picha ile, mtoto aliyeshiba wanga huku mwili unaharibika, iliandikwa hapa hapa Uganda, na kutoka Mulago ndiyo wakina mama wengi wakafundishwa kitobero, chakula cha mtoto cha kuchanganya, kupitia kitengo cha lishe cha Mwanamugimu.

Hapo ndipo mdogo wako anapoingia, na yeye ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote. Mstari uliolala mara mbili haungoji kliniki ijayo. Mpeleke wiki hii, wampime mkono kwa ule utepe wa rangi, waangalie kama ana maambukizo. Bonyeza miguu yake kwa kidole. Ukiona shimo limebaki, nenda siku hiyohiyo. Mama anayesema mtoto anakula vizuri huwa anasema kweli. Tumbo la miezi tisa ni dogo kama ngumi yake, na viazi vya kuponda na mchuzi vinalijaza kwa maji na wanga kabla hajapata cha kukulia.

Kitobero unakijua, pengine umesahau tu kwa sababu viazi vinapondeka haraka. Chukua viazi vyako hivyohivyo, tia maharage yaliyoiva na kumenywa ganda, tia unga wa mukene au kijiko cha binyebwa (karanga) iliyosagwa laini, majani machache ya dodo (mchicha), na kijiko cha mafuta. Pika pamoja, ponda, kiwe kizito kinachokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Mchuzi mwepesi mwachie mama mkwe. Mlishe mara tatu au nne kwa siku na uendelee kunyonyesha, hata baada ya mwaka, mpaka miaka miwili na zaidi.

Jirani zako Wateso, ambao wanajua kukausha viazi vitamu vikawa amukeke vya kuliwa kiangazi, watakuambia pia kuwa kiazi kitamu si kimoja. Vile vya rangi ya machungwa ndani, viazi lishe, vina vitamini A nyingi ambayo vyeupe karibu havina na Irishi haina kabisa. Mganda mwenzetu Robert Mwanga alishiriki Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuzalisha na kusambaza viazi hivyo. Ukiviona sokoni, mtoto apewe hivyo siku mbili tatu za wiki badala ya Irishi.

Sasa gesi na makaa, maana haya ndiyo yanayoua maharage nyumbani kuliko hadithi za shule.

Gesi inatokana na aina ya sukari iliyo ndani ya harage ambayo utumbo wetu hauwezi kuimeng'enya. Vijidudu vya utumbo mpana ndivyo vinavyoila na kutoa hewa. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, suuza, pika kwa maji mapya. Sehemu ya sukari hiyo inaondoka na maji. Mama mkwe aanze na vijiko viwili mchana, si usiku, na kila wiki aongeze. Tumbo lililoacha maharage kwa miezi hulalamika likirudishiwa, kisha huzoea. Na kuna firinda, ambayo watu wa magharibi wanaiheshimu mpaka kwenye harusi: maharage yaliyolowekwa yakamenywa ganda moja moja, yakapikwa yakapondwa na samli kidogo. Ni laini kuliko kiazi chochote. Kazi ya kumenya ina kero, sikufichi, lakini nyumba ina msichana, ina bibi aliyekaa, na maganda yakishalowana hutoka kwa kusugua tu. Ukimenya unapoteza sehemu ya nyuzinyuzi, kwa hiyo firinda ni ya mtoto na mgonjwa. Wenye meno wale na ganda.

Makaa: kulowekwa peke yake kunapunguza muda wa jikoni sana. Pia nunua maharage ya mavuno mapya. Harage lililokaa ghalani mwaka mzima linakuwa gumu na halilainiki hata ulipikie msitu. Sisi tuna misimu miwili. Karibu na Juni na tena karibu na Desemba sokoni yapo maharage mabichi, ya kubanduliwa kwenye maganda, na hayo yanaiva upesi. Yachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 mwanzoni, yakitokota kwelikweli, kwa sababu harage jekundu lisiloiva lina sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na moto mdogo usiofika kutokota hauiui. Baada ya hapo, yakishakaribia kulainika, unaweza kufunika sufuria ukaifunga kwa blanketi ndani ya kikapu, ukaiacha iendelee kujipika kwa joto lake huku sigiri yako ikifanya chapati. Magadi nisikuone nayo. Yanalainisha, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1 na kuongeza chumvi ya sodiamu, na una mtu mzima mwenye sukari nyumbani.

Pika sufuria kubwa mara moja kwa siku mbili. Na hapa nakuuliza wewe kama mfanyabiashara: una chapati, una madereva, na unaniambia maharage hayana faida? Kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, kinauzwa kila kona ya Kampala. Sufuria moja ilishe nyumba mchana na ikae kibandani jioni, na wateja ndio watakaolipa makaa.

Kwa mama mkwe kuna jambo moja zaidi. Yeye ndiye anayeamini viazi ni vyepesi kwake, na kwa sukari yake ni kinyume. Kuna kipimo kinachoonyesha chakula kinapandisha sukari ya damu kwa kasi gani, glukosi tupu ikipewa 100. Viazi vya kuchemsha mara nyingi hupita 70, na vya kuponda hupanda zaidi. Maharage huwa chini ya 40. Wanga wake hutoka polepole, na nyuzinyuzi zake zinachelewesha. Hata hili la nyuzinyuzi lina mizizi Mulago: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi pale, na Trowell yuleyule, ndio waliosimama miaka ya 1970 kuuambia ulimwengu kuwa watu wa vijijini Afrika hawakuwa na magonjwa mengi ya Ulaya kwa sababu ya nyuzinyuzi wanazokula. Haina maana asiguse viazi. Apewe vya ukubwa wa ngumi yake, vya kuchemshwa na ganda, vilivyopoa kidogo, pamoja na maharage na mboga, visipondwe. Ila kama anachoma insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari, mwambie anayemtibu kabla hujabadilisha sahani yake sana, sukari isije ikashuka kupita kiasi. Na kama wamemwambia figo zake zina tatizo, aulize kiasi cha vyote viwili, kwa ajili ya ile potasiamu.

Tumrudie dereva wetu. Usimwendee na barua hii mkononi, wala na nesi alisema. Mwanamume aliyekula maharage yenye wadudu akiwa kijana hajakosea kuyachukia, na gunia lile kwake ni ushahidi kuwa ametoka pale. Ukilibeza gunia, umembeza yeye. Gunia libaki. Mpe kadi ya mtoto aione yeye mwenyewe, umwonyeshe mstari, na umwombe aende nanyi kliniki akiwa nyumbani. Wababa wengi hubadilika mbele ya mizani kuliko mbele ya mke.

Halafu pika katogo: viazi vyake vya Kabale na maharage ndani ya sufuria moja, nyanya, kitunguu, karoti, binyebwa mwishoni. Hayafanani kabisa na yale ya shule, ambayo yalikuwa maji ya kahawia na chumvi. Usitangaze. Na siku akiwa na hali nzuri muulize huko njiani, Mbarara au Lukaya, anakula nini usiku wa manane akiwa na haraka. Nina hakika yangu juu ya jibu, nimewaona madereva na sahani zao za kikomando.

Akikubali, mtume. Magharibi ndiko yanakotoka maharage mengi mazuri pia, aina ya Nambale na ya njano, na anapita pale pale anapoinunua Irishi. Mwambie pia aulizie yale yenye chuma zaidi, NAROBEAN, mbegu zilizotolewa na taasisi yetu ya utafiti wa kilimo NARO mwaka 2016. Kilo moja ya maharage makavu ina protini kama gramu 210. Kuipata hiyo kwenye viazi ingebidi apakie zaidi ya kilo 10. Dereva anaelewa hesabu ya mzigo.

Gunia lililopo sasa. Lichambue leo. Kiazi kilichoota vichipukizi vidogo na bado ni kigumu, kata macho yote kwa kina, umenye, upike, kinalika. Chenye ukijani mdogo upande mmoja, menya kwa unene mpaka ukijani uishe. Kilichogeuka kijani sehemu kubwa, kilichosinyaa, au kinachochoma ulimi kwa uchungu baada ya kupikwa, tupa, usimpe hata nguruwe. Ukijani ni ishara kuwa sumu iitwayo solanini imeongezeka, na hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mtoto mdogo asipewe kabisa vilivyoota wala vyenye kijani, hata ukivimenya. Vinavyobaki vitoe kwenye gunia la plastiki, vitandaze kwenye kapu au sanduku la mbao mahali penye giza na hewa, mbali na vitunguu.